Ukoka na Kisima

Katika vitu vinavyokanyagwa na mwanadamu hapana kinachokanyagwa zaidi ya majani, wala hapana kinachosamehe upesi kuliko majani. Mguu hupita, ukoka hulala. Mguu ukiondoka, ukoka huinuka. Kwa ajili ya uvumilivu huo watu wengi hudhani kuwa majani hayana madai. Lakini kila kilicho hai kina madai yake, na madai ya majani hulipwa kwa chakula. Mtu aweza kuyalipa kwa haraka, na aweza kuyalipa kwa taratibu. Habari ya mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga yaonyesha kuwa tofauti ya malipo haya mawili si ndogo, na kuwa mtu aliyelipa kwa haraka huweza kuletewa hesabu ya pili kutoka mahali asipopatazamia.

Mwalimu huyo alifundisha hesabu kwa miaka 35. Alipostaafu alirudi katika nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wake, nje kidogo ya mji, mahali ambapo udongo ni haba na chini ya udongo ni jiwe la matumbawe. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja wa mita 20 kwa 10, na ukingoni mwa uwanja, chini ya mwembe, palikuwa na kisima. Mkewe ndiye aliyeupanda ukoka. Aliupanda mwanzo wa masika, kikonyo kwa kikonyo, akiinama tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali, na baada ya misimu miwili udongo haukuonekana tena. Juu ya ukoka huo binti yao aliolewa. Juu ya ukoka huo watoto wa jirani walikaa jioni wakafundishwa hesabu bila ada. Na juu ya ukoka huo watu walitandika mikeka wakakaa matanga, siku mke huyo alipofariki.

Ukoka ni jani lisilo na makuu. Wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, na watu wa Marekani huuita kwa jina la visiwa vya Bermuda, ijapokuwa haukuzaliwa huko. Umesafiri dunia nzima, ukavaa majina ya watu, lakini katika pwani ya Afrika Mashariki ni jina la nyumbani: chakula cha punda na mbuzi, zulia la maskini na tajiri. Mwalimu hakuupenda kwa sababu hizi. Aliupenda kwa sababu mikono iliyoupanda haikuwako tena.

Kwa hiyo, mwaka mmoja baada ya msiba, alipoona ukoka umegeuka rangi ya manjano, moyo wake uliingiwa na hofu kubwa kuliko jambo lenyewe. Alikwenda mjini akanunua gunia la urea la kilo 50. Alirudi akaichota kwa konzi akaimwaga, kisha akanyunyiza maji. Baada ya siku saba uwanja ulikuwa kijani kibichi. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyesikia sauti ya mpenzi wake chumba cha pili. Tangu siku hiyo kila mwezi alimwaga fungu lake, na kila mwaka gunia moja zima liliishia uwanjani. Majani yalipopauka aliongeza, na yaliporefuka upesi aliyakata, akayakusanya, akayachoma moto nyuma ya nyumba. Alilisha kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mkono wa pili, wala hakuona ajabu.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, kwa sababu gesi itumikayo kuitengenezea ilikuwa ghali, na kwa sababu ya vita vya Ukraine. Serikali ya Tanzania ilirudisha ruzuku kwa wakulima walioandikishwa. Kijana mmoja alimshauri Mwalimu ajiandikishe kwa jina la shamba. Mwalimu alikataa. Alisema kuwa ruzuku ile ni ya mtu alimaye mahindi, na mtu alishaye majani ya kukalia hana haki nayo. Alinunua gunia lake kwa bei kamili kwa pensheni yake, akajihesabu kuwa ametenda haki. Kweli alikuwa ametenda haki kwa hazina ya serikali. Hakujua bado kuwa iko hazina nyingine, iliyo chini ya ardhi, ambayo alikuwa akiidhulumu.

Msimu uliofuata binti yake alirudi nyumbani kujifungua, atunzwe na shangazi yake. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama aliugua, maziwa yakamkauka, mtoto akawa hana budi kupewa maziwa ya kopo. Muuguzi alikuja kuwaangalia, naye alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu. Baada ya kumpima mtoto uzito aliuliza:

"Shikamoo, Mwalimu. Maziwa ya mtoto mnayakoroga kwa maji gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa maji ya kisimani. Lakini usitie shaka, shangazi yake huyachemsha mpaka yakatokota."

Muuguzi alitazama nje, akaona kisima, akaona na uwanja uliong'aa kijani katika mwezi ambao majani ya watu wengine yalikuwa rangi ya mkeka mkuukuu.

"Kuchemsha huua vijidudu, baba, lakini hakuondoi chumvi ya mbolea. Maji yakipungua kwa moto, chumvi ile huzidi. Tafadhali, kwa mtoto huyu tumieni maji ya bomba, na ya kisimani yapelekwe yakapimwe."

Maji yalipelekwa katika maabara. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, na mpaka huo umewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa kwa chupa. Ndani ya mwili wa mtoto nitrati huweza kugeuka nitriti, na nitriti huizuia damu isichukue hewa ya uhai. Midomo ya mtoto hugeuka rangi ya samawati, na asipotibiwa huweza kufa. Maji ya kisima cha Mwalimu yalikuwa yamepita mpaka. Mtoto alikuwa hajadhurika. Alikuwa amekunywa maji hayo siku chache tu, na Mungu alimleta muuguzi kabla siku hazijawa nyingi.

Hapana aliyeweza kumwambia Mwalimu ni kiasi gani cha nitrati kilitoka katika urea yake, na ni kiasi gani kilitoka katika mashimo ya vyoo vya mtaa mzima. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sega la nyuki. Hupokea kila kitu wala haliandiki jina la mletaji. Mtu mwingine angejificha nyuma ya kutojua huko. Mwalimu hakujificha. Alijua kuwa fungu la majirani ni la majirani, na kuwa fungu lake, dogo au kubwa, ni lake. Nyumba ya pili ilikuwa na mtoto wa miezi mitatu, nayo ilikuwa na kisima katika jiwe lilelile. Mwalimu alivaa kanzu yake, akaenda, akabisha hodi. Alikuwa na haya kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha dirisha. Alisema aliloambiwa na aliloambulia, akaomba radhi, akarudi. Katika maisha yake yote ya kusahihisha makosa ya watoto, hapakuwa na sahihisho lililomgharimu kama hilo.

Usiku ule alichukua karatasi akafanya hesabu ambayo ilipasa kufanywa siku ya kwanza. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lina nitrojeni kilo 23. Uwanja wa ukoka usio wa mashindano hutosheka kwa kadiri ya gramu 10 za nitrojeni kwa mita moja ya mraba katika mwaka. Uwanja wake ulikuwa mita za mraba 200. Haja yake ilikuwa kilo 2. Ukoka uliomba kibaba, naye aliumiminia karibu pishi tatu. Kilichozidi kilikwenda wapi? Kingine kilipaa hewani, kingine kilichomwa nyuma ya nyumba, na kingine kilishuka na mvua ya masika mpaka kisimani.

Si haki kuilaumu urea yenyewe. Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuikamata nitrojeni ya hewani na kuitia katika amonia. Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda, na tangu mwaka 1913 mbolea ya viwandani imelisha mamilioni ya watu ambao bila hiyo wasingekula. Lakini chakula kilicho tayari ni kama fedha mkononi: huleta faida upesi, na hutoroka upesi. Nitrojeni ya urea huweza kugeuka nitrati katika muda wa siku au majuma machache, na nitrati haishikwi na udongo. Maji yakienda, nayo huenda.

Nitrojeni ya samadi, ya mashudu, ya kwato na ya manyoya ina tabia nyingine. Sehemu yake kubwa imefungwa ndani ya vitu vilivyokuwa na uhai. Jani haliwezi kuila mpaka vijidudu vya udongoni viivunjevunje kwanza, na vijidudu hivyo hufanya kazi panapokuwa na joto na unyevu, wakati uleule ambao majani nayo hukua. Ni mpishi asiyewasha moto mpaka mgeni afike mlangoni. Jambo hili wazee walilijua bila maabara, waliposema kuwa mwenda pole hajikwai. Mwalimu aliamua kutafuta mbolea itoayo nguvu zake polepole, lakini aliweka sharti la pili: iwe ya bei ambayo pensheni yake yaweza kuibeba. Kupata kimoja katika viwili hivi ni rahisi. Kuvipata vyote viwili kulimchukua miaka miwili.

Kwanza alijaribu mashudu ya pamba. Yana nitrojeni kadiri ya asilimia 6, hayanuki, na humwagika mkononi kama pumba. Lakini bei yake ilimshangaza. Alipokuwa akiyapakua, jirani mwanamke aliyefuga ng'ombe wawili wa maziwa, kama wafanyavyo wengi katika mji wa Tanga, alisimama uani.

"Shikamoo, Mwalimu. Hayo unawapa mbuzi gani?"

"Marahaba. Si mbuzi, nayapa majani."

Mama yule alicheka mpaka akashika kiuno. "Radhi, Mwalimu. Lakini mashudu hayo ungempa ng'ombe wangu kwanza, naye angekupa wewe baadaye."

Neno lile lilikuwa mzaha, lakini lilikuwa na elimu ndani yake. Mashudu ni ghali kwa sababu ni chakula cha mnyama. Kuyamwaga chini ni kuruka ngazi mbili, ya maziwa na ya samadi, ili kufika mahali ambapo yangefika yenyewe. Mwalimu aliyauza kwa jirani yake kwa bei aliyonunulia.

Kisha alikwenda machinjioni. Damu iliyokaushwa hukaribia asilimia 13 ya nitrojeni, na unga wa kwato na pembe vilevile, na unga wa kwato husifiwa kwa kukawia kwake ardhini. Huko alijifunza mambo mawili. La kwanza ni kuwa vitu hivi havifai kutumiwa mpaka vipikwe kwa mvuke au joto kali, kwa maana ugonjwa wa kimeta huweza kukaa ndani yake kwa miaka. La pili alijifunza kwa aibu. Alipata kidogo cha damu iliyopikwa na kukaushwa, akaimwaga jioni. Usiku mbwa wa mtaa mzima walihudhuria, na asubuhi uwanja ulikuwa kama umechimbwa na wezi. Kunguru walimalizia kilichobaki.

Mara ya tatu alijaribu mbolea ya kuku. Wafugaji wa kuku wa nyama kandokando ya mji hutandika maranda chini ya kuku wao, na kila kundi likiuzwa, maranda hayo pamoja na vinyesi huwa taabu ya kuondolewa. Mfugaji mmoja alimwambia achukue bure, mradi alete viroba vyake. Gharama ilikuwa ya guta tu. Mwalimu aliona kuwa amefika. Siku hiyohiyo aliimwaga mbichi. Harufu ilimtangulia msikitini, nzi walikuja kwa majeshi, na baada ya siku tano madoa ya rangi ya chai yalitokea uwanjani, kwa maana mbolea mbichi ya kuku huunguza kama urea inavyounguza. Hapo alitambua kosa ambalo wengi hulifanya: alidhani kuwa kitu cha asili hakina budi kuwa kitu salama. Asili haikumwahidi hivyo mtu yeyote.

Ushahidi wa jambo hili uko mbali na karibu. Katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, vijidudu visafishavyo maji machafu ya mji hukaushwa vikawa chembe, nazo zimeuzwa tangu mwaka 1926 kwa jina la Milorganite kwa wenye viwanja vya majani. Ni shauri la akili: uchafu wa mji umegeuzwa bidhaa, na chembe zake hutoa nguvu polepole bila kuunguza. Lakini maji machafu ya mji wa leo hubeba pia kemikali zisizooza, na mwaka 2022 jimbo la Maine lilipiga marufuku kumwaga tope la maji machafu mashambani kwa sababu ya kemikali hizo. Tena, mwezi wa Agosti 2014, watu zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo na kandokando yake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa kuwa miani yenye sumu ilikuwa imejaa katika Ziwa Erie. Miani hiyo hunenepeshwa na fosforasi itokayo mashambani, na fosforasi hiyo hutoka katika mbolea ya viwandani na katika samadi pia. Watu wa Toledo nao waliambiwa wasiyachemshe maji, maana sumu ingezidi. Muuguzi wa Tanga na maofisa wa Toledo walisema neno moja.

Basi Mwalimu hakuiacha mbolea ya kuku, bali aliirudisha darasani. Aliilundika kivulini, mbali na kisima, juu ya sakafu ya saruji. Aliichanganya na majani makavu, akaitia maji mpaka ikawa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, akaipindua kwa koleo kila juma. Katikati ya rundo palipanda joto lisiloshikika kwa mkono, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Baada ya miezi mitatu harufu ilikuwa ya udongo baada ya mvua. Aliichekecha, akaitawanya kwa reki, tabaka nyembamba ambayo ukoka uliweza kuipenya kwa siku chache. Mbwa hawakuja. Nzi hawakuja. Wala rangi haikuja kwa siku saba. Ilikuja baada ya majuma matano, pole kama mwezi unavyopanda.

Hapo ndipo aliporudi kwenye karatasi yake, na hesabu yake ilimfundisha jambo la mwisho. Haja ya uwanja ni kilo 2. Majani yaliyokatwa, yakiachwa palepale yalipoangukia badala ya kuchomwa moto, hurudisha kadiri ya robo ya chakula. Hiyo ni nusu kilo, na bei yake ni kuacha kufanya kazi. Kisha alifikiri juu ya kisima. Maji yenye miligramu 50 za nitrati yana nitrojeni yenyewe kiasi cha miligramu 11 kwa lita, na maji yake yalikuwa makali kuliko hayo. Akinyunyiza lita 1,000 mara mbili kwa juma, kwa majuma 20 ya kiangazi, uwanja hupata gramu 440 zisizopungua. Ile mbolea aliyoinunua kwa miaka mitatu, akaipoteza, ilikuwa imelala chini ya mwembe ikimngoja. Alikuwa amekwenda machinjioni, na kwa wafuga kuku, na kwa wauza mashudu, akitafuta mbolea ya bei nafuu itokayo polepole; kumbe iliyo nafuu kuliko zote alikwisha kuilipia. Alianza kuinyanyua kwa pampu ndogo, kwa kiasi, kwani kisima cha pwani kikivutwa kupita kadiri huvuta maji ya bahari.

Iliyobaki ilikuwa kilo moja tu, au kidogo zaidi. Mbolea ya kuku iliyooza, ikiwa na nitrojeni asilimia 3, na nusu yake ikitoka katika mwaka wa kwanza, humaliza haja hiyo kwa gunia moja na nusu. Na katika masika, majani yanapozidi kiasi cha kuachwa chini, Mwalimu humpelekea jirani yake mwenye ng'ombe, naye humrudishia samadi iliyooza. Ng'ombe huchukua ushuru wake njiani, kama ilivyo haki ya mwenye daraja, na ushuru huo hurudi asubuhi katika kikombe cha chai.

Gharama ya mwaka sasa ni guta moja na viroba vichache. Lakini iko gharama nyingine ambayo haiandikwi katika karatasi, nayo ni rangi. Ukoka wa Mwalimu haukurudia tena kijani kile cha urea. Mwezi wa Februari hupauka kama ukoka wa watu wengine. Katikati yake kimeota kimea kidogo cha jamii ya kunde, chenye majani matatumatatu, ambacho zamani alikiita gugu akaking'oa. Sasa hukiacha, kwa sababu mizizi ya mimea ya jamii hiyo hukaribisha vijidudu vinavyoitwaa nitrojeni hewani bila kiwanda. Huko Rothamsted, Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walianza mwaka 1856 kulisha vipande vya uwanja wa majani kila kimoja kwa mbolea yake, na kazi hiyo haijakoma hata leo. Vipande visivyopewa kitu vimebaki na mimea ya aina zaidi ya thelathini. Vilivyomiminiwa chumvi ya amonia bila chokaa vimebaki na aina mbili tatu. Kijani kilicho sawasawa kila mahali huenda ikawa dalili ya shibe, na huenda ikawa dalili ya upweke.

Mwanzoni mpauko ule ulimwuma Mwalimu. Alidhani kuwa anamkosea marehemu. Shangazi yake mtoto, yaani dada yake mwenyewe, ndiye aliyemtoa katika dhana hiyo.

"Kaka," alimwambia, "wifi yangu alipoupanda ukoka huu haukuwa kijani kama chupa. Ulikuwa hivihivi. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Huzuni ina desturi ya kupaka rangi kumbukumbu, na katika miaka mitatu ya urea alikuwa akiutunza uwanja ambao mkewe hakuuona kamwe. Uliopauka ndio uliokuwa wake.

Baada ya masika mawili maji yalipimwa tena. Nitrati ilikuwa imeshuka, lakini ilikuwa bado juu ya mpaka. Ardhi haina haraka ya kusahau kuliko ilivyokuwa na haraka ya kupokea. Familia hunywa maji ya bomba, na maji ya kisima ni ya ukoka na ya kufulia. Majirani wawili wamehamisha mashimo ya taka mbali na visima vyao, na mmoja amekuja kuuliza jinsi rundo linavyopinduliwa. Mwalimu huwafundisha jioni, palepale uwanjani, baada ya watoto kumaliza hesabu zao. Haoni haya tena kuanza somo kwa kosa lake mwenyewe, kwa maana ameona kuwa wanafunzi husikiliza zaidi.

Mjukuu ametambaa juu ya ukoka huo, na sasa husimama. Akianguka huinuka, na ukoka aliouangukia huinuka pamoja naye. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Na mwenye kujaza kibaba sharti ajue pia kibaba kinapojaa. Kinachomwagika baada ya hapo hakipotei. Hushuka mahali fulani, na mahali hapo pana mtu anywaye.